Shimo Nyuma ya Mkorosho

Mama yangu mdogo alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne, pembe moja imeingia mafuta kwa kukaa mkobani siku nyingi. "Nisomee mwanangu," akasema, "unambie shamba langu linaumwa nini." Ilikuwa ripoti ya maabara. Mstari mmoja wa tarakimu: pH (kipimo cha tindikali ya udongo, kadiri kinavyopanda ndivyo tindikali inavyopungua), kaboni, nitrojeni, fosforasi, potasiamu, na chini yake sentensi mbili za ushauri. Alikuwa ameilipia kwa pesa za nazi. Misimu miwili mizima aliufuata ushauri ule, akanunua mbolea ya dukani, akaitia yote siku ya kupanda kama alivyoambiwa, na bado mahindi yake yakifika magotini yalikuwa yanageuka manjano kuanzia majani ya chini.

Jicho langu lilikwama kwenye tarakimu ya kwanza. pH 8.1.

Shamba lile nalijua tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Liko upande wa ndani wa Kisauni, huku kwetu Mombasa, limekaa kwenye mgongo wa kilima cha mchanga mwekundu kisha linateremka hadi kwenye bonde lenye majimaji. Wanajiolojia huuita mchanga ule mchanga wa Magarini, kwa jina la Magarini ya huko karibu na Malindi. Ni mchanga ulioletwa na mito na upepo kutoka bara, mkongwe kuliko matumbawe tunayojengea nyumba, na mvua imeuosha kwa muda mrefu kiasi kwamba chokaa yoyote iliyokuwamo imekwisha kwenda zake. Mchanga wa namna hiyo haufiki 8.1. Tarakimu ile ingekuwa ya Nyali au Bamburi, mahali ambapo ukichimba nusu mita unagonga jiwe la matumbawe, nisingeshtuka hata kidogo. Pale kilimani haikuwa na kwao.

"Ma'mdogo, nani alichota mchanga wa kupeleka kupimwa?"

"Kijana wa jirani. Alichota pale nyuma ya jiko la zamani, maana ndipo palipolegea, jembe linaingia upesi."

Jiko la zamani lilikuwa la bibi. Miaka na miaka ya majivu ya kuni za mkorosho na vifuu vya nazi yamemwagwa pale. Majivu yana kalsiamu na potasiamu tele, na hupandisha pH kama chokaa inavyopandisha. Basi maabara haikupima vibaya, ilipima majivu ya bibi yangu kwa uaminifu mkubwa. Kilichoniuma ni kwamba tangu kijiko cha kwanza hadi muhuri wa mwisho, hakuna aliyeuliza: umechota wapi, kilimani au bondeni, juujuu au ndani, na mvua ya huko inanyeshaje? Baadaye nilipoonyeshwa ripoti ya jirani wa bondeni, nikakuta sentensi zilezile mbili za ushauri, neno kwa neno.

Mimi kazi yangu kwa miaka kadhaa imekuwa kuchimba mashimo na kusoma kuta zake, na jambo hili nalishikilia kwa moyo wote: tarakimu ya maabara haiwi na maana mpaka ikutanishwe na mvua iliyoangukia udongo ule na mteremko ulioulaza. Nikamwambia Ma'mdogo tuchimbe shimo.

Tulichagua mahali nyuma ya mkorosho mkubwa, mbali na jiko, mbali na njia ya miguu, mbali na zizi. Binamu zangu wawili walichimba kwa jembe na sepetu, urefu wa mita moja na nusu kwenda chini, na tukauacha ukuta mmoja utazamane na jua. Ukuta huo hauguswi wala haukanyagwi juu yake. Nilishuka na kisu cha jikoni nikaukwangua taratibu kutoka juu hadi chini, ili alama za sepetu zitoke na udongo wenyewe uonekane.

Kitu cha kwanza ni kwamba hakuna mstari. Watu wengi hudhani udongo una matabaka kama mkate wa mofa uliopangwa, hapa moja, hapa jingine. Ukuta ule ulikuwa ukibadilika kama sauti inavyoteremka. Juu, kiasi cha shubiri moja, kahawia iliyochanganyika na wekundu, imejaa vijizizi vyembamba kama nywele. Kisha wekundu ukazidi na mizizi ikapungua. Kufikia kiunoni ulikuwa mwekundu mtupu, mmoja tu hadi chini, isipokuwa pale mzizi mkuu wa mkorosho ulipopita ukiwa mnene kama mkono, na mashimo madogo ya mchwa yaliyojazwa udongo mweusi kutoka juu. Nililowesha bonge nikalilinganisha na kurasa za kitabu cha Munsell, kile kitabu cha vipande vya rangi kinachotokana na kazi ya Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa Marekani. Liliangukia 2.5YR 4/6. Wekundu huo ni wa chuma: hematiti, kutu iliyojipaka juu ya kila chembe ya mchanga. Hematiti hujengeka kwenye joto na mahali ambapo maji hayatuami. Kwa hiyo rangi peke yake ilishaniambia kwamba shimo lile halijawahi kugeuka kisima.

Nikachukua bonge jingine, nikalilowesha, nikalifinyangafinyanga. Lilikubali kuwa mpira. Nilipolisukuma kati ya kidole gumba na cha shahada ili lifanye utepe, likakatika kabla ya kufika urefu wa ukucha. La kutoka chini kabisa lilivuta kidogo zaidi, likaacha wekundu vidoleni. Maana yake mfinyanzi upo, na umeongezeka kidogo kadiri tunavyoshuka, lakini mchanga ndio mwenye nyumba.

Halafu tindikali. Natembea na kichupa kidogo cha tindikali ya hidrokloriki iliyopunguzwa hadi asilimia 10. Nilidondosha tone juu, la pili katikati, la tatu chini. Kimya. Nikamwambia binamu yangu alete kipande cha jiwe la matumbawe lililobaki kwenye ujenzi wa choo, nikadondosha tone moja. Likachemka povu jeupe likipiga kelele kama mafuta ya kukaangia. Ma'mdogo aliinama akatazama povu, akatazama ukuta, akatazama povu tena. "Kumbe huu wetu hauna chokaa," akasema. Pale pale 8.1 ilikufa.

Niseme neno juu ya maneno yenyewe. Kwetu Mombasa mtu akisema mchanga anaweza kuwa na maana ya udongo wote, wa kulima, wa kufukia, hata wa pwani, na udongo tukautaja zaidi tunapofikiria mfinyanzi wa kukandikia. Wagiriama na Wadigo wanasema mtsanga. Vitabuni ni kinyume: udongo ndio jina la jumla, na mchanga ni chembe zenye ukubwa wa kati ya milimita 0.05 na milimita 2 tu, hali mfinyanzi ni chembe zisizofika milimita 0.002. Nimeona maofisa wakibishana na wakulima saa nzima juu ya "udongo wako" na "mchanga wangu" huku wote wawili wanasema kitu kimoja. Katika makala haya nayatumia yote mawili kama tunavyoyatumia nyumbani.

Tulichukua sampuli kutoka kila kina, kila moja kwenye mfuko wake, na ndani ya mfuko karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino hufutika. Majibu yaliporudi, pH ya juu ilikuwa 5.6 na chini ilikuwa 5.2. Huo ndio mchanga ninaoujua. Kaboni haikufika asilimia moja hata juu. Na kulikuwa na tarakimu moja ambayo ripoti ya kwanza haikuwa nayo kabisa, nami ndiyo ninayoitafuta kabla ya nyingine zote: uwezo wa udongo kushika na kubadilishana virutubisho. Hupimwa kwa kuusuuza udongo na asetati ya amonia hadi amonia ikalie kila kiti kilichomo, kisha viti vinahesabiwa. Kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na amonia vyote hukaa kwenye viti hivyo. Udongo wenye viti vichache haushiki mgeni.

Hapo kuna hesabu ndogo inayofungua mlango mkubwa. Tuchukue mfano wa udongo wenye mfinyanzi asilimia 20 na uwezo wa sentimoli 3 kwa kilo, sentimoli ikiwa ndicho kipimo cha kuhesabia viti hivyo. Gawanya 3 kwa 0.20, unapata 15. Hiyo ndiyo nguvu ya kilo moja ya mfinyanzi wenyewe, mchanga ukiwekwa kando. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1998 na unaogawa udongo wote wa dunia katika makundi 32, unaweka mpaka wa 16: mfinyanzi ukiwa chini ya hapo na madini yanayoweza kuoza yakiwa yamekwisha, tunaongea habari za Feralsoli, udongo wa kitropiki uliochoka kwa kuoshwa, uliobakiwa na kaolini, aina ya mfinyanzi wenye viti vichache, na kutu. Mchanga ukizidi sana hadi mita moja chini, jina linageuka Arenosoli. Shimo la Ma'mdogo lilikaa karibu na mpaka wa majina hayo mawili, na wenye taaluma wanaweza kubishana. Mimi ubishi huo nauheshimu, kwa kuwa jina likiwa sahihi mtu aliyeko Brazili au Msumbiji anajua mara moja ninazungumzia nini. Lakini jina halipandi mahindi.

Mvua ndiyo iliyonionyesha kwa nini majani yalikuwa manjano. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 hadi 1,100 kwa mwaka, na ukiitazama tarakimu hiyo peke yake utasema maji yapo. Tazama inavyokuja. Kaskazi ikivuma, Januari na Februari, karibu hapanyeshi. Kusi ikigeuka masika inaingia, na Mei pekee huleta kwa wastani zaidi ya milimita 200. Kisha inapungua, na vuli ya Oktoba na Novemba hurudisha kidogo. Sasa kutanisha na ukuta wa shimo. Mchanga wa aina ile hushika maji yanayotumika na mmea kiasi cha milimita 60 hadi 80 katika mita nzima ya kina. Mei inamwaga maradufu ya hayo na zaidi, jua na mmea wanachukua sehemu yao, na yanayobaki hayana pa kukaa ila kwenda chini. Nitrojeni ikishageuka kuwa naitreti haishikwi na viti vyovyote, inasafiri na maji. Mbolea yote iliyotiwa siku ya kupanda mwanzoni mwa Aprili, kwenye mahindi yenye mizizi isiyofika shubiri mbili, ilikuwa imepita chini kabla mtoto hajajifunza kula. Ushauri ule wa kutia yote siku moja unaweza kufaa mfinyanzi mzito wa bara. Kwa mchanga wa kilimani chini ya mvua ya Mei, ni kumwaga pesa za nazi kisimani.

Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo ni ukame. Siku ya jua kali mmea na udongo kwa pamoja hupoteza karibu milimita 5. Akiba ya 70 ikifika nusu, mahindi huanza kukunja majani. Hiyo ni wiki moja. Wiki moja tu bila mvua, katikati ya msimu ambao redio imeusifu kuwa mzuri! Ma'mdogo alikuwa akisema tangu zamani, "mchanga huu una kiu ya haraka", na mimi nilikuwa nikiitikia kwa adabu tu bila kusikia.

Joto nalo lina kazi. Kwetu mwezi wa joto kabisa na mwezi wa baridi kabisa hawapishani hata nyuzi 6, na wastani wa mwaka uko karibu nyuzi 26 au 27. Majani yanayoanguka huoza mwaka mzima bila kupumzika, ndiyo sababu kaboni haijilimbikizi. Samadi inayowekwa mara moja na kusahauliwa haiponi hapa.

Sasa tuteremke.

Hatua kama mia mbili kutoka kwenye mkorosho, mteremko mpole usiochosha mtu, wekundu unafifia. Katikati ya mteremko ni rangi ya chungwa, kisha manjano. Bondeni tulichimba shimo dogo la pili, na sentimita 60 tu chini tukakuta kijivu chenye madoa ya kutu kama nguo iliyotoka kwenye mabati machakavu. Ni mchanga uleule, umetoka kilima kilekile. Kilichobadilika ni maji. Bondeni maji hutuama masika, hewa hukosekana, chuma huyeyuka na kuhama, na udongo hubaki bila rangi yake. Mfinyanzi uliooshwa kutoka juu nao umejikusanya pale, bonge likafanya utepe mrefu. Bibi alikuwa akipanda mpunga pale, mimi mwenyewe nakumbuka kufukuza ndege. Hakuna aliyempimia. Aliusoma mteremko kwa miguu yake.

Jambo hili lina jina, na jina hilo lilizaliwa jirani zetu. Geoffrey Milne alikuwa mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, juu ya milima ya Usambara, ng'ambo tu ya mpaka kutoka kwetu. Miaka ya 1930 alikuwa na kazi ya kutengeneza ramani ya udongo wa Afrika Mashariki nzima, na akaona kwamba haiwezekani kuchora kila udongo peke yake, kwa maana kilima hadi bonde hubadilika mara nne au tano, kisha kilima kinachofuata kinarudia mfuatano uleule. Mwaka 1935 akapendekeza uitwe katena, yaani mnyororo kwa Kilatini: pete zimeshikana, ukiivuta moja nyingine inafuata. Leo neno hilo linafundishwa dunia nzima, na kila nikilisoma nafurahi kwamba lilichimbwa kwenye udongo wetu.

Ukiutazama mji wetu kwa jicho hilo, safari ya matatu ya saa moja inakuwa kitabu. Kisiwani na Nyali ni mwamba wa matumbawe, bahari iliyokuwa juu kuliko ya leo ndiyo iliyoujenga. Fort Jesus, iliyoanzwa mwaka 1593, imekaa juu yake. Udongo wake ni mwembamba, umejificha kwenye mianya, na ndio unaochemka kwa tindikali. Ukivuka Makupa ukaelekea Changamwe, Jomvu na Miritini unaingia kwenye mawe ya tope ya zama za Jurasi, na hapo mfinyanzi hutawala: masika unanata viatuni hadi unatembea kama mtu mwenye gongo, kiangazi unapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono, na kuta za nyumba zinafuata. Tarakimu ya kaboni ikiwa sawa Nyali na Jomvu, haina maana sawa hata chembe.

Bamburi inastahili aya yake. Machimbo ya saruji yalikwangua matumbawe yote hadi pakabaki jangwa jeupe lenye chumvi, pasipo udongo. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi, akaanza kupanda miti juu ya jiwe tupu. Mivinje ilikubali, kwa kuwa mizizi yake ina viini vinavyopata nitrojeni kutoka hewani. Lakini majani yake, membamba kama sindano, yalirundikana bila kuoza. Wakaletwa majongoo, wakayala, wakanya, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Ukienda leo Haller Park, chini ya kivuli, chota kiganja kimoja cha ule weusi uutazame. Ni udongo ambao watu walio hai waliuona ukizaliwa.

Rudi Kisauni. Kuna wanaoniambia, mashimo ya nini, ramani zipo? Zipo, nami nazitumia na nazipenda. Ramani ya udongo wa Kenya ya mwaka 1982 ni ya kipimo cha moja kwa milioni moja. Milimita moja ni kilomita moja, na kisiwa chote cha Mombasa kinatoshea kwenye ukucha wa kidole. Ramani mpya za kompyuta zinazounganisha mashimo ya zamani, picha za setilaiti, mvua na mwinuko, zinaigawa dunia katika vipande vya mita 250 kwa mita 250. Ni kazi ya ajabu. Lakini kipande kimoja cha hivyo ni zaidi ya ekari 15, na shamba la Ma'mdogo ni ekari tatu. Mkorosho na mpunga, wekundu na kijivu, vyote viwili vimepewa tarakimu moja. Ndiyo ripoti ileile ya sentensi mbili, safari hii imetoka juu badala ya nyuma ya jiko.

Tulikaa chini ya mwembe tukapanga. Kilimani abaki na mikorosho na muhogo, ambao hauogopi tindikali wala njaa. Mahindi yashuke katikati ya mteremko, apande kwa samadi kwenye kila shimo, na mbolea ya dukani aigawe mara tatu, kidogokidogo, asitie siku mawingu ya kusi yamejaa. Nyasi na makuti yasichomwe tena, yatandazwe. Bondeni akasema mwenyewe kabla sijafungua mdomo: "Nitarudisha mpunga wa mama."

Kabla ya magharibi tulifukia mashimo. Binamu zangu walitaka kusukuma yote kwa mkupuo, nikawazuia. Tulipochimba tulikuwa tumeweka mafungu mbalimbali: jekundu la chini kushoto, la kati nyuma, na lile la kahawia la juu peke yake juu ya gunia. Likaanza kurudi jekundu, likashindiliwa kwa miguu, kisha la kati. La kahawia Ma'mdogo alilichukua mwenyewe kwa mikono, akalitandaza, akaokota vijizizi vilivyokuwamo akavifunika, na akachomeka kipande cha mti wa muhogo katikati.